Safari ya Kazi Si Zawadi

Neno safari limetoka katika lugha yetu likaingia katika lugha nyingi za dunia. Wageni walioliazima wamelipa maana ya starehe. Kwao safari ni kwenda kutazama simba na tembo. Kwetu sisi safari ni mwendo wowote wa mtu kutoka kwake kwenda mahali pengine, na mara nyingi ni mwendo wa taabu. Leo twataka kusema juu ya safari ya namna moja tu, nayo ni safari ya kazi: ile ambayo mtu hutumwa, akalipiwa nauli, akapewa posho, na kutazamiwa arudi na matokeo ya kule alikotumwa.

Jambo hili si dogo. Fedha za safari hutoka katika mfuko ule ule unaonunua dawa za zahanati na madawati ya shule. Kila tiketi isiyokuwa na sababu ni dawati lililokosekana mahali fulani. Kadhalika, kila safari ya lazima iliyonyimwa fedha ni chanjo isiyofika kijijini, au daraja lisilokaguliwa mpaka likachukuliwa na maji. Kwa hiyo neno letu leo halitakuwa "msisafiri." Neno letu ni hili: isimamiweni safari ya kazi kama inavyosimamiwa kazi yenyewe.

Tuanze na habari za ulimwengu. Tarehe 2 Septemba, 2025, kampuni ya Marekani iitwayo American Express Global Business Travel ilikamilisha kuinunua kampuni nyingine ya namna yake iitwayo CWT. Ununuzi huo ulipotangazwa mwezi Machi 2024, bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 570. Kampuni hizi hazirushi ndege. Kazi yao ni kusimamia safari za watumishi wa makampuni na wa serikali: kutafuta tiketi, kushika vyumba, kutunza hesabu, kujua nani yuko nchi gani siku gani, na kumtafutia njia nyingine aliyeachwa na ndege. Mwezi Januari 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani kuuzuia ununuzi ule, ikidai kwamba kampuni ya kwanza kwa ukubwa ikiimeza ya tatu, ushindani utapungua na wateja wataumia. Mwezi Julai wizara ile ile ikaliondoa shauri lake kabla halijasikilizwa, na njia ikawa nyeupe.

Mwananchi aweza kuuliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu biashara hii yaonyesha wazi swali ambalo hata sisi twalo mezani: anayepanga safari ni mtumishi wa nani?

Biashara ya kuwapangia watu safari si ngeni. Mwaka 1841 Mwingereza Thomas Cook alipanga treni ya kuwachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenda kwenye mkutano wa wapinga ulevi, kila mmoja kwa shilingi moja. Kampuni iliyorithi jina lake iliishi hata mwezi Septemba 2019, ilipofilisika kwa ghafula. Serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha makwao wasafiri wapatao 150,000 waliokwama ng'ambo. Hapo pana funzo la kwanza. Faida ya kupanga safari ilikuwa ya wenye kampuni, lakini siku ya kuanguka mzigo uliangukia umma.

Funzo la pili limo katika malipo ya wakala. Kwa miaka mingi wakala wa safari hakulipwa na msafiri, bali na shirika la ndege, kwa kukatiwa sehemu ya bei ya tiketi. Tiketi ikiwa ghali, fungu la wakala lilikuwa nono. Ikiwa rahisi, lilikuwa jembamba. Basi msafiri aliyemwomba wakala amtafutie nauli nafuu alikuwa akimwomba ajipunguzie mapato yake mwenyewe. Mwezi Februari 1995 shirika la ndege la Delta la Marekani liliweka ukomo: dola 50 na si zaidi kwa tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya nchi ile, hata iwe ya bei gani. Mwezi Machi 2002 likafuta kabisa kamisheni ile ya msingi, na mashirika mengine makubwa ya Marekani yakafuata. Tangu hapo mawakala wa huko huwatoza wateja wao ada, ingawa malipo mengine ya motisha kutoka kwa mashirika ya ndege na kutoka kwa mitambo ya kompyuta ya kuuzia tiketi hayajakoma.

Maana yake ni nini kwa ofisi zetu? Ni kwamba anayenunua tiketi kwa fedha ya umma hana budi kujua wakala wake hulipwa na nani, kiasi gani, na kwa kazi gani. Kuwa na wakala si kosa. Kosa ni kuwa na wakala mmoja wa daima, aliyechaguliwa kwa urafiki, ambaye bei zake hazilinganishwi na za mwingine yeyote. Na sasa ambapo wakubwa wa biashara hii wanazidi kuungana na idadi yao inapungua, mnunuzi asiyejua kulinganisha bei atazidi kuwa mateka.

Sasa tugeukie nyumbani. Tarehe 20 Novemba, 2015, Rais John Magufuli alipolihutubia Bunge mjini Dodoma alitoa hesabu iliyowashtua wengi. Alisema kwamba katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15, Serikali, mashirika ya umma na taasisi nyingine zilitumia shilingi bilioni 356.3 kwa safari za nje. Katika hizo, tiketi za ndege zilikula bilioni 183.1, posho za kujikimu bilioni 104.5, na mafunzo ya nje bilioni 68.6.

Twamwomba msomaji azitazame tarakimu hizi kwa makini. Zaidi ya nusu ya fedha ile ilikuwa tiketi tu. Siku zile taifa halikuwa na ndege yake ya kuvuka bahari; Boeing 787 ya kwanza ya shirika letu ilifika mwezi Julai 2018. Basi nauli ya kwenda ng'ambo ilikuwa ni fedha iliyoondoka nchini pamoja na abiria, ila abiria alirudi na fedha haikurudi. Mafunzo, ambayo huacha ujuzi kichwani mwa mtu, yalipata sehemu moja tu kati ya tano. Nauli na posho ndizo zilizochukua sehemu nne.

Serikali ilichukua hatua kali. Safari za nje zilizuiwa isipokuwa kwa kibali cha Rais mwenyewe au cha Katibu Mkuu Kiongozi. Viti vya daraja la juu katika ndege viliachiwa viongozi wakuu watatu tu, yaani Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Mabalozi waliagizwa kuiwakilisha nchi katika mikutano ya huko waliko. Amri ile ilikuwa dawa, na ugonjwa ulihitaji dawa.

Wala si sisi peke yetu tuliougua. Mwezi Novemba 2023, sarafu ya Malawi iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, Lazarus Chakwera, aliyekuwa Rais wa nchi ile, alisimamisha safari zote za nje, zake mwenyewe na za mawaziri wake, mpaka mwisho wa mwaka wa fedha. Mwezi Januari 2024 Rais Bola Tinubu wa Nigeria alitangaza kupunguza misafara ya viongozi kwa asilimia 60, na msafara wake wa kwenda nje ukashushwa kutoka watu 50 hadi 20.

Hatua hizi zote twaziheshimu. Walakini dawa si chakula. Amri ya kukataza hudumu kadiri anavyodumu mwenye kuamuru, au kadiri hofu ya watu inavyodumu. Hofu ikipoa, misafara hurefuka tena. Kinachodumu ni utaratibu ulioandikwa, unaojulikana na wote, na ambao mkubwa na mdogo hukaguliwa kwa kipimo kimoja. Tena, makatazo yana hatari yake: mara nyingi humwangukia wa chini. Bajeti ya safari ikikatwa, mkubwa hupata kibali, na bwana mifugo hukosa mafuta ya pikipiki. Hapo taifa halikuokoa kitu. Limehamisha hasara kutoka ofisini kwenda zizini.

Hapa hatuna budi kuligusa jambo ambalo watu wengi hulinong'ona na wachache hulisema kwa sauti, nalo ni posho. Tangu mwezi Julai 2022 posho ya kujikimu kwa safari za ndani ya nchi ilipandishwa. Kima cha chini kilitoka shilingi 80,000 kikawa 100,000 kwa siku, na kima cha juu kilitoka 120,000 kikawa 250,000. Nyongeza ilikuwa ya haki, maana bei za vyumba na chakula zilikuwa zimepanda. Lakini wa chini aliongezewa robo, na wa juu aliongezewa zaidi ya mara mbili. Bei ya wali na ya kitanda haikupanda kwa namna hiyo ya kubagua.

Wekeni hesabu hiyo kando ya mshahara. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kwa hiyo mtumishi wa kima cha chini akisafiri siku tano, posho yake ni sawa na mshahara wake wa mwezi mzima. Mkubwa wa kima cha juu akisafiri siku mbili, amepokea sawa na mshahara wa mwezi wa mtumishi yule. Je, kuna ajabu gani basi watu wakigombea safari? Kuna ajabu gani mkutano ambao ungefanyika katika ukumbi wa ofisi ukipelekwa mji wa mbali, na semina ya siku moja ikanyooshwa mpaka siku tatu?

Hatuwalaumu wafanyakazi kwa kuhitaji fedha. Twaulaumu mpango unaoifanya safari kuwa mshahara wa pili. Maana mshahara wa kwanza hutolewa kwa sheria, lakini huu wa pili hutolewa kwa kalamu ya mtu mmoja, yule anayeandika majina ya wasafiri. Yeye akipenda, fulani ataezeka nyumba. Asipopenda, fulani atakaa. Hapo mfanyakazi huanza kumtumikia mwandika majina badala ya kuutumikia umma. Naye aliye hodari kazini, lakini asiyejua kujipendekeza, hubaki kulinda ofisi mwaka hadi mwaka. Huu ndio uharibifu mkubwa wa safari zisizosimamiwa, nao hauonekani katika kitabu chochote cha hesabu.

Upande wa pili wa jambo hili nao una uchungu wake. Wapo watumishi wanaotumwa kabla ya fedha kutoka, wakaambiwa watarudishiwa baadaye. Mwalimu anasafiri kwa fedha ya unga wa watoto wake. Dereva analala garini. Mkaguzi anakula kwa mkopo kwa mwenyeji anayekwenda kumkagua. Hebu tafakarini hili la mwisho. Mkaguzi aliyelishwa na anayekaguliwa atakagua nini? Kuchelewesha posho ya halali si kubana matumizi. Ni kumkopa mfanyakazi bila ridhaa yake, na kumweka mahali ambapo uaminifu wake utajaribiwa kila siku.

Yapo mambo mapya yanayoweza kutusaidia. La kwanza ni mikutano kwa njia ya video. Ugonjwa wa Uviko ulipoifunga dunia mwaka 2020, viongozi walijifunza kwa lazima jambo walilokuwa wamelikataa kwa hiari. Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC wa Agosti 2020, ambapo Tanzania iliikabidhi Msumbiji uenyekiti, ulifanyika kwa mtandao. Mwezi Septemba mwaka huo wakuu wengi wa nchi walilihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa hotuba zilizorekodiwa. Dunia haikusimama. Ikiwa marais waliweza, je, wakuu wa idara za mikoa hawawezi? Ni kweli yapo mambo yasiyofaa kwa mtandao. Huwezi kupima kina cha kisima kwa video, wala kuupatanisha ugomvi wa ardhi bila kukanyaga mpaka wenyewe. Lakini kusomeana taarifa ambayo kila mmoja anayo mezani si sababu ya kusafiri.

La pili ni reli. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, barabara ya Dar es Salaam na Dodoma imekuwa njia kuu ya safari za kazi nchini. Magari ya ofisi yamepishana humo mchana na usiku, kila moja na dereva wake, mafuta yake, na mara nyingi abiria mmoja. Tarehe 25 Julai, 2024, treni ya umeme ilianza kuchukua abiria mpaka Dodoma, na reli hiyo ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti. Mwendo uliokuwa ukila siku nzima kwa basi sasa huchukua saa nne hivi au pungufu. Mtumishi aweza kuondoka alfajiri, akafanya kazi yake, akalala kwake. Usiku usiolalwa hotelini ni posho iliyookolewa, na dereva asiyekimbizwa gizani ni uhai uliookolewa. Lakini reli haitaokoa kitu iwapo mtumishi atapanda treni huku gari la ofisi likimfuata tupu nyuma ili limtembeze mjini. Kama treni ipo na ina nafasi, atakayetaka gari na aandike sababu.

La tatu ni malipo ya moja kwa moja. Katika makampuni mengi ya nchi zilizoendelea, mwajiri humlipia msafiri chumba na tiketi yeye mwenyewe, na kila malipo huonekana katika kompyuta siku ile ile. Njia hiyo hupunguza udanganyifu wa stakabadhi. Twaikubali kwa mijini, lakini twaonya isichukuliwe nzima nzima. Mwenye nyumba ya wageni katika kijiji cha mpakani huenda hana mashine ya risiti wala hafahamiki na kampuni yoyote ya New York. Mganga atakayelala pale ahitaji fedha mkononi. Utaratibu mzuri ni ule unaomjua mganga huyu kama unavyomjua mkurugenzi.

Basi twapendekeza mambo matano, wala hayahitaji fedha mpya.

Kwanza, kila ombi la safari lijibu maswali matatu kwa maandishi: unakwenda kufanya nini, kwa nini hakiwezi kufanyika bila wewe kwenda, na kwa nini mwenyeji aliyeko huko hawezi kukifanya.

Pili, orodha ya safari za kila ofisi ibandikwe mahali wafanyakazi wote wanapoweza kuisoma: nani alikwenda, wapi, siku ngapi, kwa kiasi gani. Jina linalojirudia kila mwezi litajieleza lenyewe.

Tatu, masurufu yatolewe kabla ya safari, na yarejeshwe baada yake kwa siku zilizowekwa. Wakaguzi wa hesabu wamekuwa wakiandika miaka nenda miaka rudi juu ya masurufu yasiyorejeshwa. Asiyerejesha ya kwanza asipewe ya pili, awe nani awe nani.

Nne, nauli zilinganishwe kwa wakala zaidi ya mmoja, na tiketi zinunuliwe mapema. Mikutano mingi ya kimataifa hujulikana tarehe yake miezi kadhaa mbele. Anayenunua tiketi jana ya safari hulipa bei ya uzembe, na uzembe huo ni wa ofisi, si wa shirika la ndege.

Tano, kila aliyesafiri aandike taarifa fupi katika juma moja, isomwe na wenzake. Mtu akishindwa kujaza ukurasa mmoja juu ya aliyoyafanya kwa siku tano, basi hakwenda kazini.

Na juu ya hayo yote, tofauti ya posho kati ya wa juu na wa chini itazamwe upya. Heshima ya cheo ina mahali pake, lakini njaa haina cheo. Na mishahara ikizidi kuboreshwa, posho irudi katika kazi yake ya asili, ambayo ni kumlisha na kumlaza msafiri.

Kwa viongozi twasema: mfano huanzia mbele ya msafara. Waziri akienda na watu watatu, mkurugenzi hatathubutu kwenda na kumi. Kwa vyama vya wafanyakazi twasema: idaini posho ya mwanachama wenu aliyetumwa kwa fedha yake, na kwa sauti ile ile mkemeeni mwanachama aliyesaini siku ambazo hakulala huko. Mkidai moja na kufumbia macho la pili, madai yenu yatakuwa na mguu mmoja.

Nchi hii ni pana, na haijengwi na watu waliokaa ofisini. Twataka bwana shamba aende, mkaguzi aende, mhandisi aende, na balozi wetu aingie katika mkutano akiwa na hoja na takwimu. Waende kwa sababu iliyoandikwa, kwa nauli iliyolinganishwa, kwa posho iliyolipwa kwa wakati. Na warudipo, sisi tuliowalipia tupate kuuliza walikwenda kufanya nini, nao wapate la kutujibu.